Achumaye Kwetu na Alipe Kwetu



Kila tunapokutana na wanachama wetu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo, swali moja hurudi kwa sura nyingi. Huulizwa na mchuma maua, huulizwa na mwalimu, huulizwa na mama auzaye viazi kando ya barabara kuu. Je, mgeni anayekuja kuchuma fedha katika nchi hii, kisha akarudi kwao, hulipa kodi? Kama hulipa, ni kiasi gani, na nani anayehakikisha kuwa amelipa? Na kama halipi, ni nani aliyemsamehe, na kwa idhini ya nani?

Hatuoni vyema swali zito kama hilo liendelee kujibiwa kwa uvumi. Uvumi una madhara mawili. Kwanza, humfanya mwananchi amchukie mgeni ambaye pengine amelipa kila senti aliyodaiwa. Pili, humsitiri mkubwa aliyemsamehe yule asiyelipa. Mwenye kupigania mageuzi hawezi kuyaridhia yote mawili. Kwa sababu hiyo tumeamua kueleza katika ukurasa huu sheria inavyosema, inavyokiukwa, na wajibu wetu sisi wenyewe.

Hatuna budi kuanza kwa kulisafisha neno lenyewe. Hapa Bonde la Ufa neno "mgeni" lina damu juu yake. Kuanzia mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata kuja kwa mfumo wa vyama vingi, Wakenya waliokuwa wakiishi Molo, Olenguruone, Njoro na Burnt Forest waliitwa wageni katika nchi yao wenyewe. Nyumba zao zilichomwa, na wengi wakalala katika viwanja vya makanisa. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa mchungaji wa Jimbo Katoliki la Nakuru wakati huo, hakunyamaza. Aliukemea uovu huo hadharani ilhali wengi waliogopa hata kunong'ona. Mwanzoni mwa mwaka 2008 miji ya Nakuru na Naivasha iliyaona tena mambo hayo. Basi na iwe wazi kwa kila msomaji: katika tahariri hii hatumzungumzii jirani yeyote, wa kabila lolote. Tunazungumzia neno la sheria, na sheria katika jambo hili ina adabu kuliko wanasiasa wetu.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika mwaka 1974, haimuulizi mtu kabila lake wala rangi yake. Huuliza mambo mawili: umekaa hapa siku ngapi, na fedha hizi zimetoka wapi?

Kuhusu siku, sheria humwita mtu "mkaazi" kwa njia tatu. Ya kwanza, awe na makazi ya kudumu nchini Kenya na awe amefika nchini, hata kwa siku moja, katika mwaka huo wa mapato. Ya pili, hata kama hana makazi ya kudumu, awe amekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Ya tatu, awe amekuwapo nchini mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyoutangulia, na wastani wa siku zake uwe zaidi ya 122 kwa mwaka. Tuchukue mfano wa fundi wa mitambo aliyekaa Naivasha siku 110 mwaka wa kwanza, siku 120 mwaka wa pili, na siku 150 mwaka wa tatu. Hakuna mwaka hata mmoja aliofikisha siku 183. Lakini jumla yake ni siku 380, na wastani wake unapita siku 126. Katika mwaka wa tatu mtu huyo ni mkaazi, apende asipende. Asiyeingia katika mlango wowote kati ya hii mitatu ndiye sheria humwita "asiye mkaazi".

Msomaji atambue jinsi kipimo hiki kinavyowachanganya wale wanaopima watu kwa ngozi. Mzungu mwenye makazi ya kudumu kando ya Ziwa Naivasha ni mkaazi. Mhindi mwenye duka lake mjini Nakuru miaka yote ni mkaazi. Bali Mkenya halisi aliyehamia ng'ambo, asiyebakisha makazi ya kudumu hapa wala kufikisha siku zilizotajwa, si mkaazi. Akiwa na nyumba za kupangisha mtaani Milimani, mapato ya pango lake hutozwa kama ya mtu wa nje. Hayo ndiyo maana ya utawala wa sheria: kipimo ni kimoja, na kila mtu hupimwa kwacho.

Kuhusu chanzo, kanuni ni nyepesi kueleza. Mapato yaliyopatikana Kenya, au yaliyotokana na Kenya, hutozwa kodi Kenya, awe aliyeyapata ni mkaazi au si mkaazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria yetu inasema jambo lilo hilo kwa lugha ya hesabu.

Tuangalie sasa viwango. Mfanyakazi asiye mkaazi aliyeajiriwa na mwajiri aliye mkaazi, au na tawi la kudumu la kampuni ya kigeni hapa nchini, hukatwa kodi ya mshahara kwa madaraja yaleyale yanayomkata Mkenya. Kwa madaraja yaliyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, asilimia 10 hutozwa kwa Sh24,000 za kwanza za mwezi, kisha kiwango hupanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 35 kwa kiasi kinachozidi Sh800,000. Tofauti iliyopo ni kwamba asiye mkaazi hapewi ile nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi. Kwa hiyo mkaazi apataye Sh24,000 haachiwi deni lolote la kodi hiyo, maana Sh2,400 alizotozwa zinafutwa na nafuu. Asiye mkaazi apataye kiasi hichohicho hulipa Sh2,400 kamili. Wanaosema kwamba sheria yenyewe humbembeleza mgeni hawajaisoma.

Kwa yule ambaye si mwajiriwa, bali huja kutoa ushauri, kusimamia kazi au kukodisha mali yake, iko kodi ya zuio. Hii ni kodi inayokatwa na yule anayelipa, kabla fedha hazijamfikia anayelipwa. Asiye mkaazi asiye na tawi la kudumu nchini hukatwa asilimia 20 ya malipo ya ushauri, ya usimamizi, ya mrabaha na ya maonyesho ya burudani au michezo. Gawio na riba kwa kawaida hukatwa asilimia 15. Pango la nyumba hukatwa asilimia 30. Makato hayo hufanywa juu ya malipo yote, bila kuondoa gharama. Matawi ya kampuni za kigeni yalitozwa asilimia 37.5 ya faida hadi mwisho wa mwaka 2023. Tangu Januari 2024 yalianza kutozwa asilimia 30 kama kampuni za hapa, na juu yake asilimia 15 ya faida inayopelekwa nje. Hata wale wanaotuuzia huduma kwa njia ya intaneti bila kukanyaga ardhi yetu walifikiwa. Mwaka 2021 walianza kutozwa asilimia 1.5 ya mauzo, na mwishoni mwa Desemba 2024 kodi hiyo ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na nyingine inayofikia asilimia 3 ya mauzo.

Kwa nini basi mchuma maua wa Naivasha anahisi kuwa ameonewa? Kwa sababu anayaona makato yake kila mwisho wa mwezi, na hayaoni ya wengine. Mfanyakazi wa mshahara wa Sh20,000 halipi kodi ya mshahara, lakini hukatwa Sh300 za ushuru wa nyumba, ambao ni asilimia 1.5, na Sh550 za bima ya afya ya jamii, ambayo ni asilimia 2.75. Bado kuna mchango wa uzeeni. Akienda dukani hulipa asilimia 16 ya ushuru wa thamani kwa bidhaa nyingi anazonunua. Fedha hizo huondolewa kabla hajazishika, na hakuna waraka wa waziri uliowahi kuandikwa kwa ajili ya kumsamehe yeye. Ilhali ziko njia ambazo wenye uwezo huzitumia kupenya, na njia hizo twapenda kuziita madirisha matatu.

Dirisha la kwanza ni bei. Kampuni ya kigeni yenye shamba hapa huweza kuiuzia kampuni dada iliyoko ng'ambo mazao yetu kwa bei ya chini, nayo kampuni dada ikayauza kwa bei ya soko. Faida iliyozaliwa katika udongo wa Kenya huonekana vitabuni kana kwamba ilizaliwa mahali ambapo hakuna hata ua moja linaloota. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti bei za namna hiyo mwaka 2006, zinazodai kwamba ndugu wawili wa biashara wauziane kama wanavyouziana watu wasiojuana. Kesi iliyovuma zaidi ilitoka hapa kwetu. Kampuni ya Karuturi ya India ilinunua shamba kubwa la waridi la Naivasha mwaka 2007. Mwaka 2013 habari zilienea ulimwenguni kwamba Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilikuwa ikiidai karibu dola milioni 11 kwa madai ya kupotosha bei za mauziano ya ndani. Kampuni ilipinga madai hayo. Februari 2014, kwa sababu ya madeni ya benki, shamba likawekwa chini ya mrasimu. Maelfu ya wafanyakazi na jamaa zao, waliolitegemea shamba hilo kwa mshahara, kwa nyumba, kwa shule na kwa hospitali, ndio walioubeba mzigo wa misukosuko iliyofuata. Hawakuwa wameshauriwa juu ya bei ya waridi hata moja.

Dirisha la pili ni mikataba. Nchi mbili huafikiana ili shilingi moja isitozwe kodi mara mbili, na nia hiyo ni njema. Kenya ina mikataba ya namna hiyo na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, India, Kanada, Zambia na nchi nyingine kadhaa. Lakini mkataba mbaya huweza kuwa mfereji wa kupitishia faida hadi mahali pasipo na kodi. Mwaka 2012 serikali ilitia sahihi mkataba na Mauritius. Shirika la Tax Justice Network Africa lilikwenda mahakamani mwaka 2014 likisema kwamba mkataba huo ungeifilisi hazina yetu. Mnamo Machi 15, 2019 Mahakama Kuu iliibatilisha hati ya kuuanzisha, kwa kuwa haikuwasilishwa Bungeni jinsi sheria inavyotaka. Msomaji azingatie sababu hiyo. Mahakama haikusema kwamba Kenya isifanye mikataba. Ilisema kwamba mkataba hauwezi kupita mgongoni mwa wawakilishi wa wananchi.

Dirisha la tatu ni msamaha. Mwaka 2021 Waziri wa Fedha alitoa tangazo la kisheria namba 15, lililowasamehe kodi ya mapato makampuni, washauri na wafanyakazi wa Kijapani katika miradi iliyogharimiwa na Japani. Mwananchi mmoja alilipeleka jambo hilo mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilitamka kwamba tangazo hilo halikufuata Katiba, kwa maana wananchi hawakushirikishwa. Sisi wa Bonde la Ufa tuna sababu ya pekee ya kulifuatilia suala hili. Mtambo wa umeme wa mvuke wa Olkaria V, ulioanza kazi mwaka 2019 katika ardhi ya Naivasha, umejengwa kwa mkopo wa Japani. Mkopo hulipwa, na walipaji ni sisi. Hatusemi Wajapani ni watu wabaya. Urafiki wao umetuletea mengi ya manufaa. Tunasema kwamba mwenye deni ana haki ya kuambiwa ni kodi gani imesamehewa juu ya deni lake.

Kuna wanaotwambia kwamba mambo haya ni mapya na kwamba tusubiri wataalamu. Mambo haya si mapya hata kidogo, na Nakuru hasa inayajua. Wakoloni walianza kuwatoza Waafrika kodi ya kibanda mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kodi hiyo ilipandishwa hadi Sh16, ikapunguzwa kuwa Sh12 baada ya malalamiko yaliyoongozwa na kina Harry Thuku na damu iliyomwagika Nairobi Machi 16, 1922. Na walowezi je? Serikali ya kikoloni iliwawekea kodi ya mapato mwaka 1921. Walowezi, ambao Lord Delamere wa Njoro na Soysambu alikuwa kinara wao, waliipinga kwa kelele nyingi, na mwaka 1922 ikaondolewa. Hawakuiona tena hadi mwaka 1937. Kwa miaka kumi na mitano mwenye kibanda cha nyasi alilipa kodi ya moja kwa moja, na mwenye maelfu ya ekari akawa huru na kodi ya mapato. Wakati huo waliokuwa na sauti katika Baraza la Kutunga Sheria ndio waliojiamulia. Huo ndio mzizi wa jambo lenyewe: asiye na sauti katika kutunga sheria hubeba mzigo wa mwenye sauti.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kodi ni suala la demokrasia wala si la makarani peke yao. Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba ya zamani Desemba 1991, hatukupigania tu haki ya kuwa na rangi nyingi za kadi za vyama. Tulipigania haki ya kuuliza. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1990, fedha za umma zililipwa kama ruzuku ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo, katika kashfa ya Goldenberg, na waliothubutu kuuliza waliitwa wachochezi. KRA yenyewe ilianzishwa Julai 1995 ili makusanyo yatoke katika mikono ya idara zilizotawanyika. Chombo kilipatikana, lakini chombo hakiwezi kukusanya kile ambacho mkubwa amekwisha kukisamehe kwa kalamu yake.

Katiba ya mwaka 2010 ilitupatia silaha iliyo bora kuliko kelele. Kifungu cha 201 chasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 210 chasema hakuna kodi itakayotozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Tena chaongeza kwamba sheria ikiruhusu msamaha, ni lazima kuwe na daftari la wazi linaloonyesha kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha uarifiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tangu mwaka 2021 Hazina ya Kitaifa imekuwa ikichapisha ripoti za jumla ya kodi zinazoachwa. Hiyo ni hatua, na tunaipongeza. Lakini jumla si daftari. Katiba inazungumza juu ya kila msamaha, na sababu ya kila msamaha.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba mgeni akitozwa atakimbia, na ajira zitakimbia pamoja naye. Pingamizi hilo lina uzito, na hatutalidharau. Hapana kijana wa Nakuru asiyehitaji kazi. Serikali imetenga eneo maalumu la kiuchumi Naivasha, na kwa sheria ya maeneo hayo kampuni hutozwa asilimia 10 ya faida kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka kumi ifuatayo. Huenda mpango huo ukaleta faida kubwa kuliko hasara yake. Lakini jambo hilo huamuliwa kwa hesabu zilizowekwa mezani: ajira ngapi, za mshahara gani, kwa kodi kiasi gani iliyoachwa. Anayeogopa kuonyesha hesabu hawezi kutudai imani.

Zaidi ya hayo, kuna ukweli ambao watetezi wa misamaha huupitia kwa haraka. Mataifa mengi huwatoza watu wao kodi kwa mapato ya dunia nzima, kisha huwapunguzia kile walicholipa ng'ambo. Marekani humfuata raia wake popote alipo. Mtu wa namna hiyo akilipa hapa, hupunguziwa kwao. Akisamehewa hapa, huweza kudaiwa kwao kile ambacho sisi tumekiacha. Katika hali hiyo mgeni mwenyewe hakupata nafuu yoyote. Tumechukua fedha za zahanati ya Kuresoi au ya Bahati, tukaitunza hazina ya nchi tajiri kuliko yetu. Ukarimu huo hata maandiko hayatudai.

Na tusidhani kwamba hili ni jambo la Nairobi tu. Ni kweli serikali ya kaunti haitozi kodi ya mapato. Katiba imeiachia serikali ya kitaifa peke yake. Lakini kaunti zote hugawiwa kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya kitaifa yaliyokaguliwa. Kodi ikisamehewa gizani, chungu kinachogawanywa hupungua, na kijiko cha Nakuru hupungua nacho. Jiji letu lililopandishwa hadhi Desemba 2021 lina mitaa isiyo na maji ya kutosha. Hatuwezi kujidai hatuoni uhusiano uliopo.

Sasa tugeukie nyumba yetu wenyewe, maana kuhubiri ni rahisi. Makanisa yetu hualika wahubiri, waimbaji na wakufunzi kutoka ng'ambo. Mashirika yetu ya mageuzi huajiri washauri wa kigeni. Wengi miongoni mwetu hudhani kwamba kanisa likiwa na cheti cha msamaha wa kodi, basi kila linachokilipa kimesamehewa. Sivyo. Msamaha wa taasisi ya dini au ya hisani unahusu mapato ya taasisi yenyewe. Haumfuniki mfanyakazi wake wala mtu inayemlipa. Mkufunzi asiye mkaazi akilipwa Sh100,000 kwa semina ya wiki moja, kanuni ya kawaida ni kwamba Sh20,000 zizuiliwe na kupelekwa KRA, nazo, tangu marekebisho ya mwaka 2023, zifike katika siku tano za kazi. Kama anatoka nchi yenye mkataba nasi, kiwango huweza kuwa cha chini, naye aonyeshe hati. Mwekahazina wa parokia asiyefanya hivyo amefungua dirisha la nne. Mathayo aliitwa akiwa ameketi katika meza ya ushuru, na Zakayo alipotubu alirudisha alichochukua isivyo halali. Mwaka 2024 vijana wetu walilitumia jina la Zakayo kumtania Rais, na taifa zima likaelewa fumbo. Tusije sisi tukawa Zakayo ambaye bado hajashuka mtini.

Twapaswa pia kukiri kwamba sheria ina mapengo ambayo hayawezi kuzibwa kwa kelele. Mtu asiye mkaazi anayelipwa na mwajiri wa ng'ambo asiye na tawi hapa, akija kwa siku chache, mshahara wake hauguswi na kodi yetu. Mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporejea katika orodha ya dunia mwaka 2021, na Naivasha ikawa kitovu chake, madereva wengi walikuja ambao mikataba yao iliandikwa Ulaya. Sheria ya zuio humshika mlipaji, na mlipaji aliye mbali hashikiki kwa urahisi. Pengo hilo lajadiliwa Bungeni kwa utulivu, si kwa kumtupia mawe dereva aliyekuja kutukimbizia gari.

Haya basi ndiyo tunayoyadai. Kwanza, daftari la Kifungu cha 210 liwekwe wazi, likiwa na jina la kila aliyesamehewa, kiasi chake na sababu yake. Pili, kila mkataba wa kodi uletwe Bungeni na ujadiliwe na wananchi kabla ya kuanza kutumika. Tatu, kila mradi mkubwa unaokuja katika bonde hili utangaze masharti yake ya kodi siku ileile unapotangaza ajira zake. Barabara ya Rironi, Nakuru hadi Mau Summit, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Novemba 2025, iwe mfano wa kwanza. Nne, KRA ipewe watu wa kutosha wenye ujuzi wa kukagua bei za mashamba na viwanda, bila simu za kutoka juu.

Nanyi wasomaji wetu mna kazi. Mswada wa fedha huletwa Bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na maoni ya wananchi hupokelewa. Kamati za haki na amani za parokia, vikundi vya akina mama na matawi yetu yote yausome kabla ya siku ya mwisho. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kudai taarifa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Andikeni barua, wekeni nakala, dai jibu kwa maandishi. Mnamo Juni 25, 2024 vijana wa nchi hii walilipa kwa damu ili mswada mmoja wa fedha usikilizwe na wakubwa. Ni aibu kwetu sisi wazee wa harakati kama tutashindwa kulipa kwa karatasi na stempu.

Mgeni na aje. Afungue shamba, achimbe mvuke, afundishe, ahubiri, aimbe, na afanikiwe. Tutampokea kwa heshima kama ilivyo desturi yetu. Lakini aliyevuna katika udongo huu aache sehemu yake katika ghala ya udongo huu, kwa kipimo kilekile kinachompima mchuma maua. Na kiongozi atakayemwambia asiache, amwambie hadharani, mbele yetu sote, na sababu yake iandikwe katika daftari.